Jina Likifikishwa Mahakamani

Wasikilizaji, mjadala wowote kuhusu majina ya kubandikana ya makabila huwa na njia yake ya kumalizika. Mmoja analalamika kwamba ameitwa jina asilolipenda. Mwingine anamjibu kwa kumpa asili ya jina hilo. Mang'ati? Neno la Kimaasai tu hilo. Ndorobo? Nalo ni la Kimaasai, la zamani, halina ubaya. Machinga? Hilo ni jina la watu wa Lindi, nani atalionea aibu? Hapo mlalamikaji hunyamaza, maana ameshindwa na kamusi. Hoja yangu jioni hii ni kwamba kamusi haikupaswa kuitwa kuwa shahidi wa kwanza. Jina alilobandikwa mtu halitetewi kwa asili yake wala halihukumiwi kwa asili yake. Linapimwa kwa kutazama nani anaita, nani anaitwa, na nini kinamfuata mtu baada ya kuitwa. Na sisi wa Themi na jiji zima la Arusha hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, kwa sababu katika mji huu mahakama mbili za kimataifa zimelazimika kulipima jambo hili hili.

Tuanze na pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, kwenye yale majengo yaliyojengwa kwa ajili ya ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Ndani ya majengo hayo Umoja wa Mataifa uliweka Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofunga shughuli zake mwaka 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na hiyo ikawa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Wengi tunaikumbuka kwa hilo, na kwa namna ilivyotamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Lakini hukumu hiyo ina sehemu ambayo haisemwi sana. Majaji hawakujua Kinyarwanda. Mashahidi walikuwa wakitaja maneno kama inyenzi, inkotanyi, ibyitso, na kila neno likitafsiriwa lilitoka na maana tofauti. Ikabidi aitwe mtaalamu wa isimu kutoka Rwanda, Dakta Mathias Ruzindana, aeleze maneno hayo yalikuwa na maana gani, wapi, na lini. Fikiri juu ya hilo swali la "lini". Mahakama haikutosheka kuuliza neno lina maana gani. Iliuliza lilikuwa na maana gani mwezi wa Aprili mwaka 1994, kinywani mwa kiongozi, mbele ya umati.

Na majibu hayakuwa mepesi. Inkotanyi lilitokana na jina la kikosi cha mashujaa wa ufalme wa Rwanda wa karne ya 19, kisha wapiganaji wa kundi la waasi la RPF walioingia nchini mwaka 1990 wakalichukua wenyewe kwa fahari. Inyenzi, neno ambalo katika lugha ya kawaida ni mende, lilikuwa la makundi ya wakimbizi wa Kitutsi waliovuka mipaka na kushambulia usiku katika miaka ya 1960, na yapo maelezo kwamba hata wao walilibeba kama kifupisho cha jina la sifa. Kama asili ingetosha, hapo tungesema hakuna tusi: jina la mashujaa na jina la wapiganaji, basi. Lakini kufikia mwaka 1994, redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilikuwa imelivuta neno inyenzi kutoka kwa mpiganaji aliyebeba bunduki mpaka kwa kila Mtutsi, pamoja na bibi kizee na mtoto mchanga. Mtangazaji mmoja wa redio hiyo, Mbelgiji Georges Ruggiu, alikiri makosa yake hapa Arusha na mwezi Juni 2000 akafungwa miaka 12. Katika ukiri wake alikubali kwamba katika mazingira ya wakati ule neno hilo lilifikia kumaanisha watu wanaopaswa kuuawa, na kwamba hata neno "kazi" lilifika hapo hapo, mtu anaambiwa nenda kafanye kazi naye anaelewa kwamba ametumwa kuua. Asili ya neno "kazi" ni ipi? Ni safi kuliko zote. Haikumwokoa mtu.

Hapa kuna wasikilizaji watakaosema kwamba nimekimbilia mfano mkubwa mno, na kwamba si kila jina la dharau ni mwanzo wa mauaji. Wana haki ya kusema hivyo, na mahakama yenyewe iliwaunga mkono kwa kiasi fulani. Katika kesi ya vyombo vya habari dhidi ya Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze, hukumu ya tarehe 3 Desemba 2003 iliyatazama matangazo ya RTLM kwa upana. Wakati wa rufaa, Novemba 2007, majaji walichora mstari mwembamba zaidi: maneno ya chuki ni jambo moja, na kuchochea waziwazi mauaji ya kimbari ni jambo jingine. Wakakubali kuihesabia RTLM kosa la uchochezi huo kwa matangazo yaliyofuata tarehe 6 Aprili 1994, siku ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ilipodunguliwa, wala si kwa yale ya kabla yake. Vifungo vikapunguzwa, wawili wakatoka kwenye kifungo cha maisha. Mimi nauona mstari huo kuwa wa haki kisheria. Lakini angalieni umechorwa wapi. Redio ni ile ile na maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni kile ambacho msikilizaji angeweza kumfanyia jirani yake baada ya kuyasikia. Kwa hiyo hukumu iliyowapunguzia adhabu imeiongezea nguvu hoja yangu: maana ya jina imo katika matokeo yake.

Pingamizi la pili ni letu wenyewe, na nalipa uzito zaidi. Watu husema: huko ni Rwanda, sisi Tanzania tuna utani. Mpare na Mchaga hutaniana mpaka mgeni akadhani watapigana. Mnyamwezi na Mzaramo vivyo hivyo, na Mngoni ana watani karibu kila kona ya nchi ambako babu zake walipita na mikuki. Ni kweli, na utani huu si jambo la kuchezea. Reginald Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege pale Amani milimani Usambara, aliuona ukamshangaza kiasi cha kuandika makala kuuhusu katika miaka ya 1940. Alichokiona yeye, na wazee wetu wanakijua bila kusoma makala, ni kwamba utani una sheria. Mtani anakutukana nawe una ruhusa ya kumtukana, papo hapo, kwa kipimo kile kile. Mtani anaruhusiwa kuchukua kitu chako, lakini siku ya msiba ndiye anayeshika shughuli, ndiye anayechekesha wafiwa, na kwa desturi za sehemu nyingi ndiye anayesaidia kuzika. Utani ni mkataba wa pande mbili, na mara nyingi ulizaliwa mahali palipowahi kuwa na vita au biashara ya misafara, watu wakatafuta namna ya kukaa pamoja bila kisasi. Sasa chukua kipimo hicho ukakiweke kwenye majina tunayoyatetea kwa kusema "ni utani tu". Je, anayeitwa ana ruhusa ya kuita? Je, anayemwita atakwenda kumzika?

Mang'ati hapiti kipimo hicho. Watu wanaoitwa hivyo ni Wadatoga, na miongoni mwao Wabarabaig wa chini ya mlima Hanang. Wamaasai, waliopigana nao kwa vizazi wakigombea malisho na maji, waliwaita adui, na hiyo ndiyo maana ya neno. Adui kumwita adui wake adui si dhuluma, na Wadatoga hawakukosa cha kuwaita wao. Lakini Mjerumani alipofika akifuata njia za Wamaasai na za misafara, akaandika alichosikia, Mwingereza akanakili, na uwanda mzima ukaingia kwenye ramani kwa jina la Mang'ati. Neno la kundi moja kwa jingine likawa neno la serikali kwa raia. Leo katika migogoro ya wakulima na wafugaji kule Kilosa au Mvomero, utasikia Mang'ati akitajwa kana kwamba ni jina la aina ya kosa, na mfugaji anayepita na ng'ombe wake anaweza kuitwa hivyo bila mtu kujua kama ni Mdatoga au la. Jambo kama hili limetokea Marekani pia. Watu wanaojiita Lakota na Dakota wanajulikana duniani kwa jina la Sioux, ambalo lilitoka kwa jirani zao Waojibwe, likapita midomoni mwa Wafaransa, likaishia kwenye mikataba ya serikali na kwenye majina ya miji kama Sioux Falls. Huko nako jirani alitamka na karani akaandika. Kama karani hakufika, jina hubaki kuwa ugomvi wa majirani, na majirani hupatana. Hata Waarusha walipitia njia hii kwa muda. Watu wa pwani na wamisionari wa karne ya 19 waliwajumuisha pamoja na wengine wasemao Kimaa chini ya jina Wakwavi, na Johann Ludwig Krapf alichapisha msamiati wa lugha ya hao Wakwavi mwaka 1854. Jina hilo halikushika hapa mlimani. Waarusha walikuwa na mashamba, walikuwa na idadi, na walikuwa karibu na boma, hivyo walisikika wakijitaja wenyewe.

Ndorobo ndio mfano mzito zaidi, na unatuleta kwenye mahakama ya pili. Kwa Wamaasai neno hilo lilikuwa na maana ya mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara, na waliwaita hivyo wawindaji na warina asali wa misituni, wawe Waakie wa Kiteto na Simanjiro au Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya. Machoni pa mfugaji, kukosa ng'ombe ni kukosa kila kitu. Serikali ya kikoloni ya Kenya ililichukua neno hilo pamoja na dharau yake. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyofanya kazi miaka ya 1932 hadi 1934, ilipendekeza hao Dorobo wahamishiwe kwenye hifadhi za makabila wanayofanana nayo. Fuata mantiki yake: kama jina lako lina maana ya asiye na kitu, basi huna ardhi, na kama huna ardhi unaweza kupelekwa kwa mwenye nayo. Miaka zaidi ya 80 baadaye, tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa hapa Arusha, ilitoa hukumu katika shauri la Waogiek dhidi ya serikali ya Kenya iliyotaka kuwatoa Mau. Moja ya mambo yaliyobishaniwa ni kama Waogiek ni watu wa namna yao au ni tawi tu la wengine. Mahakama ikasema ni jamii ya asili ya msitu ule, na kwamba kukataa kuwatambua kama kabila linalojitegemea, wakati makabila mengine yanatambuliwa, ni ubaguzi. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na wapewe hati za ardhi yao. Huwezi kuisoma hukumu hiyo ukaendelea kusema jina ni upepo tu. Waogiek waliingia kwenye daftari la kikoloni kama Dorobo wakapoteza msitu, na ili waudai ilibidi kwanza wadai jina.

Atasimama mwingine aseme kwamba nachagua mifano ya kuumiza tu, wakati majina mengine yamepanda cheo. Naam, na hayo yananisaidia vile vile. Hapa Monduli, mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson alifuatilia neno ormeek. Zamani Mmaasai alilitumia kwa dharau kumtaja Mwafrika asiye Mmaasai, mtu wa jembe. Ukoloni ulipoleta shule na suruali, likahamia kwa Mmaasai mwenyewe aliyesoma, akabatizwa, akasema Kiswahili. Alikuwa ormeek, yaani amekwisha kutupotea. Kisha zikaja siku ambazo mtu huyo huyo ndiye anayejua kuandika barua ya kudai ardhi na kuzungumza na mkuu wa wilaya, na vijana wakaanza kulisema jina lile bila kukunja uso, wengine wakilitaka. Asili ya neno haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni nani alikuwa na nguvu. Yankee wa Marekani alisafiri hivyo hivyo. Askari wa Kiingereza walimcheka mkulima wa makoloni kwa jina hilo, mkulima akashinda vita mwaka 1783, na leo ni jina la timu ya besiboli ya New York. Katika nchi hiyo hiyo, timu ya mpira ya Washington ililibeba jina Redskins kwa miongo mingi ikidai kwamba ni heshima kwa Wahindi Wekundu, na mwaka 2020 ikalitupa. Tofauti ya majina haya mawili haimo katika ubaya wa maneno. Yankee alijiita mwenyewe baada ya kushinda, na wale wengine waliitwa na walioshinda.

Na kupanda cheo kwenyewe si njia ya upande mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni hapa mkoani dhidi ya mavazi ya Kimaasai, lubega na rangi nyekundu zikahesabiwa kuwa aibu kwa taifa. Leo shuka hilo hilo ni tangazo la utalii, limo kwenye mabango kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro mpaka mjini. Je, jina Mmasai limepanda? Kwenye bango, ndiyo. Lakini nyumba nyingi za mjini zikisema "muulize Mmasai", zina maana ya mlinzi wa getini, hata kama jamaa ni Mwarusha, hata kama ana jina lake ambalo mwenye nyumba hajawahi kuliuliza. Jina moja linakuwa na bei mbili kwa siku moja.

Limebaki pingamizi la mwisho, la wale wanaosema tuyaache makabila kabisa. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho Tanzania kumuuliza mtu kabila lake, na wengi tunaamini kwamba ukimya huo ulitujengea umoja. Nami naamini hivyo. Ila ukimya wa fomu haukunyamazisha mitaa. Mwanasosholojia wa Marekani Irving Lewis Allen, katika kitabu cha mwaka 1983, alikusanya zaidi ya majina 1,000 ya kubandikana makabila na mataifa katika Kiingereza cha nchi yake, akaonyesha kwamba huzaliwa zaidi mijini, watu wanapokutana na kugombea kazi na nyumba. Miji yetu nayo inakua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mchungaji Christopher Mtikila alisimama jukwaani akiwapanga Watanzania katika makundi mawili, walalahoi upande mmoja na magabacholi upande mwingine, na wenye asili ya Kihindi na Kiarabu walijua wamesimamishwa wapi. Hakuhitaji sensa. Mtu akitaka kutumia jina kama silaha, kutokuwepo kwake kwenye fomu hakumzuii. Kunamwondolea tu mlengwa mahali pa kuandika jina lake halisi.

Nimeliacha machinga mwisho kwa sababu wanaolitetea wanasema ndilo jina lililofanikiwa kuliko yote, na wana ushahidi. Vijana waliotoka kusini na kuzunguka Dar es Salaam na bidhaa mkononi waliitwa hivyo kwa kubezwa, mgambo wakawafukuza kwa jina hilo, kisha wenyewe wakalishika. Serikali ikajenga Machinga Complex pale Ilala, na Desemba 2018 Rais Magufuli akatoa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo ambao nchi nzima inawaita machinga. Mchaga ni machinga, Msukuma ni machinga, na kule soko la Samunge hapa Arusha hakuna anayeona haya kujiita hivyo. Kwa kipimo changu mwenyewe jina hili limepita: anayeitwa analitumia kudai meza na eneo. Sina budi kukubali, na nakubali. Ila kipimo kina swali la nani anaitwa, na hapo pana kundi dogo lililosahauliwa. Wamachinga wa Lindi wapo, wana lugha yao na makaburi ya babu zao, na hakuna kikao kilichowauliza kama jina lao ligawiwe kwa kila mwenye meza ya mitumba. Mmoja wao akipanda basi akaja Arusha, akajitambulisha kwa kabila lake pale soko la Kilombero, swali litakalofuata ni anauza nini.